Blanketi Lililobaki Stoo

Mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine nayaandika ninavyoyasikia. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika jembe kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua mchana mzima wa mvua. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wanaume wanaokuja baada yangu wanakaa kwenye benchi lile lile, kimya kama nilivyokaa mimi, na kwamba karatasi inaweza kumfikia mtu ambaye hawezi kuulizwa. Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Kusimama mbele ya watu niseme haya, nisingeweza.

Natoka upande wa Mlola, milima ya Lushoto. Tunalima viazi, karoti na kabichi, na nyuma ya nyumba tuna miti michache ya plamu. Mke wangu nitamwita Mama Neema, kama wote wanavyomwita. Tuna watoto watatu. Nilipogunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume nilikuwa na miaka arobaini na sita, umri ambao hapa kwetu mtu bado anatumwa na wakubwa zake kwenye misiba akachimbe kaburi.

Hospitali kubwa iko mbali. Unashuka mpaka Mombo, unangoja basi la Moshi, unafika umechoka kabla hujatibiwa. Siku ya kwanza nilikuta benchi limejaa wazee watupu. Nikakaa mwisho. Mzee mmoja wa Same, amevaa kofia ya sufu, akanitazama.

“Kijana, baba yako ameingia chooni?”

“Shikamoo, mzee. Sikuja na baba.”

“Marahaba. Sasa unamngoja nani?”

“Ninangoja kuitwa.”

Akasogea nikae vizuri. “Pole, mwanangu. Karibu kwenye baraza la wazee kabla ya wakati wako. Tukikuchagua karani usikatae.”

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka kidogo nikitazama viatu vyangu. Tangu siku ile jina langu pale likawa Kijana. Hata muuguzi wa dirishani aliniita hivyo.

Walinipasua wakati wa masika. Sitaeleza walichotoa na walivyotoa, maana sikuona na sikuelewa vizuri nilipoelezwa. Nitaeleza siku ya kuruhusiwa. Mama Neema alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, beseni mkono mmoja na chupa ya chai mkono wa pili, na muuguzi wa wodini akatupa masharti. “Asibebe mzigo. Asipande pikipiki. Anywe maji mengi. Na mambo ya chumbani, wiki sita, mpaka daktari aruhusu.”

Mama Neema aliinamisha uso, akaitikia kwa kichwa. Yeye alishika maneno ya mwisho, mpaka daktari aruhusu. Mimi nilishika wiki sita. Tulitoka mlango mmoja, kila mtu na sharti lake, na hatukujua.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu, la sivyo hamtanielewa. Kwetu mke akijifungua, mume anahama chumbani. Anakwenda kulala stoo, katikati ya magunia ya mbegu za viazi, na harudi kwa kutaka mwenyewe. Anarudishwa na mwanamke mkubwa wa upande wake. Kwangu mimi huyo alikuwa dada yangu Naomi, aliyeolewa Mtae. Kila tulipopata mtoto alikuja kwa ile barabara ndefu ya Mtae, akampikia mzazi uji, akamkanda, akamwogesha mtoto. Halafu siku aliyoona yeye kwamba inatosha, aliingia stoo mchana, akalikunja blanketi langu, akalipeleka chumbani na kuliweka kitandani. Alinyoosha pembe zake kwa kiganja. Hakusema neno, kwa sababu dada hawezi kumwambia kaka yake neno la namna hiyo. Blanketi likishahama, sisi wawili tulikuwa tumejua.

Mama Neema asingeweza kulihamisha mwenyewe. Angejiona hana adabu. Na mimi ningelihamisha ningejiona sina huruma. Kwa watoto wote watatu blanketi langu lilibebwa na Naomi.

Niliporudi kutoka hospitali nilikuta Mama Neema ameshanitandikia stoo. Ilikuwa sawa. Nilikuwa na mpira wa mkojo na mfuko wake, na nilinuka. Ni mahali nilipozoea kulala mambo ya mwili yanapokuwa hayajatulia. Lakini dada Naomi tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, kule Mtae, siku ya ukungu ambao hata jeneza halikuonekana kutoka mlangoni. Hakuna kati yetu aliyekaa akafikiri kwamba safari hii mbebaji hayupo.

Mpira ulipotolewa nilidhani nimepona. Kumbe ndipo mkojo ulipoanza kutoka wenyewe. Nikikohoa, unatoka. Nikiinama kung’oa karoti, unatoka. Mama Neema alikata mashuka ya zamani vipande, akavifua, akavianika nyuma ya nyumba kwenye miti ya plamu ili wageni wasivione. Lakini kaka yake alipita njia ya nyuma.

“Shemeji,” akaniita kwa sauti, “mna mtoto mchanga na hamtuambii wajomba?”

Mama Neema akatoka jikoni akijifuta mikono. “Ninaye mmoja,” akasema. “Mkubwa. Ananyonya chai tu.”

Walicheka. Najua sasa kwamba alikuwa ananifunika, maana kaka yake ni mtu wa kutangaza. Wakati ule maneno yale yalinichoma. Niliingia stoo, nikakaa juu ya gunia mpaka shemeji akaondoka.

Huyo huyo shemeji ndiye aliyeeneza kwamba nilipasuliwa ngiri. Sikumkatalia. Ngiri watu wanaielewa, na saratani inawafanya wakuangalie kama mtu aliyekwisha kuaga. Lakini kwetu ikitajwa ngiri, kila mtu anajua inakula nini kwa mwanamume. Basi shemeji akaniletea chupa ya mizizi iliyochemshwa.

“Kikombe asubuhi, kikombe jioni,” akasema. “Utanishukuru, na dada yangu atanishukuru zaidi.”

Niliogopa kuinywa juu ya dawa za hospitali. Kila asubuhi na jioni nilikwenda nyuma ya nyumba nikaimwaga kwenye shina la plamu.

Ukaja wakati wa baridi, ule wa kulala na soksi na koti. Mkojo ulianza kutii. Wiki sita zilikuwa zimepita. Ndipo nilipotambua jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa. Kile kinachoamka pamoja na mwanamume alfajiri, bila yeye kuombwa, hakikuamka. Nikangoja kesho yake. Nikangoja mavuno ya viazi. Sikuwa na maumivu yoyote. Ilikuwa kama sehemu ile ya mwili imehama bila kuaga, ikaacha mlango umerudishwa tu.

Kliniki niliendelea kwenda kila baada ya miezi mitatu, peke yangu, maana shamba halikai bila mtu. Damu yangu ilikuwa safi. Daktari alikuwa mpole lakini foleni ilikuwa nyuma yangu.

“Mkojo?”

“Nafuu, daktari.”

“Kidonda?”

“Kimefunga.”

“Kuna jingine?”

“Hakuna.”

Kila safari alisema “kuna jingine,” na kila safari nilikuwa nimejiandaa tangu Mombo kulisema. Kisha namwona mwanafunzi wa udaktari amekaa pembeni, msichana wa umri wa Neema, nami nasema hakuna, nashukuru, natoka.

Nyumbani mambo yalikuwa yakipoa. Mama Neema hakunikosea kwa chochote. Alipika, alifua, alinifungia mabegi ya safari. Ila aliacha kunipa kikombe mkononi. Alikiweka kwenye kigoda mbele yangu, akarudi nyuma. Tukiwa shambani, akitaka kunipita, alizunguka tuta. Zamani alikuwa na tabia ya kuniondolea majani kwenye kola ya shati bila hata kukatiza mazungumzo. Sasa ananiambia, “Una jani hapo,” nami naliondoa mwenyewe. Niliona nimeelewa. Nilisema moyoni kwamba amefua mengi mno, amechoka na mwili huu, na ana haki. Kwa hiyo na mimi nikajitenga ili nisimsumbue. Nilikula haraka. Niliongea naye mambo ya mbolea na ada.

Plamu zikaiva mara ya kwanza tangu nipasuliwe, zikaisha. Mvua zikaja, zikaenda. Plamu zikaiva tena, na mti mmoja ulizaa mpaka tawi likavunjika. Mimi bado nilikuwa stoo.

Ilikuwa baada ya plamu hizo za pili muuguzi wa dirishani aliposema safari ijayo kila mtu aje na mwenzake. “Hata wewe, Kijana. Tumechoka kuwaona nusu nusu.” Nilitaka kutoa udhuru wa shamba, lakini nilipomwambia Mama Neema, kabla sijamaliza alikuwa ameshaanza kupiga pasi kitenge chake cha kwaya.

Tuliingia pamoja kwa muuguzi huyo huyo wa dirishani. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti kubwa, anayecheka kabla ya kuuliza.

“Karibu, mama. Huyu bwana wako kila akija ananiambia hana tatizo. Nimemwambia daktari, mtu asiye na tatizo hata moja huyo ana yote. Haya, anakula?”

“Anakula.”

“Analala?”

“Analala.”

“Na chumbani?”

Nilitazama sakafu. Mama Neema akajibu taratibu, kwa heshima, kama anavyomjibu mchungaji. “Chumbani tunangoja.”

“Mnangoja nini, mama?”

“Hatujaruhusiwa bado.”

Muuguzi akaweka kalamu chini. “Nani hajawaruhusu?”

“Daktari. Tuliambiwa mpaka daktari aruhusu. Nami sijasikia.”

“Mama yangu. Ile ilikuwa wiki sita.”

“Wiki sita za lini?”

“Tangu kupasuliwa. Ni karibu miaka miwili sasa.”

Nje jina la mtu mwingine likaitwa. Mama Neema akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuta kituo kitupu na basi limeondoka zamani.

“Baba Neema, ulijua?”

“Nilijua wiki sita.”

“Na ukanyamaza.”

“Nilidhani hutaki.”

“Mimi?” akasema. “Mimi?”

Muuguzi hakucheka tena. Alitoka akamwita daktari, na safari hiyo mwanafunzi alibaki nje. Ndipo niliposema. Nilisema nikitazama mkebe wa pamba mezani, lakini nilisema. Daktari alinieleza kwamba operesheni ile huumiza mishipa inayofanya kazi hiyo, kwamba kwa wengine inarudi, kwa wengine nusu, kwa wengine hairudi, na kwamba kuna vidonge na kuna vifaa. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. “Ungesema mwanzoni tungeanza mapema. Mwaka ule wa kwanza unasaidia sana.” Alisema bila lawama. Nilimjibu asante.

Nilirudi benchini kungoja dawa. Mzee wa Same alikuwepo, kofia yake ile ile. Sijui aliona nini usoni kwangu.

“Wamekupa habari mbaya, Kijana?”

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu jambo kama lile, na nilimwambia mtu ambaye hata jina lake silijui.

“Ah,” akasema. “Hiyo. Mimi vidonge vilinikataa. Ninayo pampu, ya kuvuta hewa. Bibi yako, mke wangu, anaiita mgeni. Akiniona naifuta vumbi anauliza, mgeni huyo analala au anapita tu?” Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. “Siku nyingine hata mgeni haji. Tunakaa tunamsengenya.”

Mama Neema alikuwa amekaa upande wangu wa pili na alisikia yote. Alivuta mtandio akafunika mdomo, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

Mombo tulishuka tukala, tukingoja gari la kupanda mlima. Yeye hakula. Aligeuza wali kwa kijiko.

“Chai niliiweka kwenye kigoda,” akasema, “nisikuguse mkono. Nilisema nikimgusa nitamtia majaribuni, atavunja sharti, arudi hospitali. Nilikuwa nazunguka tuta.”

“Nilidhani unaona kinyaa.”

“Kinyaa?” Akaniangalia. “Nani alikuwa anafua?”

Nilimsogezea sahani yake.

Mtafikiri jioni hiyo tulimaliza. Hapana. Blanketi lilibaki stoo. Ruhusa tulikuwa nayo, tumepewa na daktari mwenye koti jeupe, lakini tulirudi nyumbani tukaagana mlangoni kama kawaida. Yeye alingoja, mimi nikangoja. Ilikuwa kama masikio yetu yanasikiliza kama kuna mtu anakuja kutoka Mtae.

Ni mbegu za viazi zilizotutoa hapo. Mchana mmoja tulikuwa tukiingiza magunia kabla ya mvua. Mama Neema akasimama mlangoni mwa stoo na gunia kiunoni, akaangalia godoro langu.

“Hapa hapatoshi,” akasema.

Ningeweza kusema nitalisogeza godoro. Nilikaribia kusema. Badala yake niliinama, nikalikunja blanketi, vibaya, mimi sijui kukunja, nikapita mbele yake nikiwa nimelikumbatia. Yeye akaliweka gunia chini.

“Unaiba kazi ya wifi yangu,” akasema.

“Wifi yako angekuwepo angekuwa amechelewa sana.”

“Angekuwepo asingechelewa.”

Hilo ni kweli. Nililiweka kitandani. Mama Neema alikuja nyuma yangu, akanyoosha pembe zake kwa kiganja, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akifanya dada. Halafu alikaa juu yake akalia, na mimi nikakaa. Mvua ilinyesha juu ya magunia tuliyoyaacha nje. Hatukufanya lolote siku ile. Aliniondolea jani kwenye kola.

Sitaki kuwadanganya mnaosoma. Vidonge vinanisaidia kidogo, siku moja ndiyo, siku mbili hapana, na vinaniumiza kichwa. Pampu tuliipata baadaye, muuguzi alituelekeza, na Mama Neema naye anaiita mgeni. Mwanzoni nilikasirika, mara ya pili nikacheka. Kuna siku tunakaa tu mikono imeshikana, na hiyo nayo zamani nisingeiita kitu. Siku nyingine haya yangu hurudi, nageukia ukutani, naye ananigonga begani, “Baba Neema, stoo imejaa.” Nageuka.

Habari ya chupa ya mizizi nilimwambia pia. Alicheka mpaka akaketi chini. “Ndiyo maana tawi lilivunjika,” akasema. Kaka yake hajui mpaka leo, na ananidai shukrani.

Lakini majuto yapo, na hayaishi kwa kucheka. Sijutii ugonjwa, maana sikuuita. Najutia ule wakati wote tuliopeana chai kupitia kigoda. Tulikuwa wazima, tulikuwa nyumba moja, ukuta mmoja wa udongo katikati, kila mtu anamhurumia mwenzake kimyakimya mpaka huruma ikafanana na kukataliwa. Najutia mwaka ule wa kwanza ambao daktari aliutaja. Labda ungenirudishia zaidi, labda usingerudisha chochote. Hilo nimelipoteza kulijua.

Mzee wa Same simwoni tena benchini. Nimekwenda kliniki mara mbili, nafasi yake amekaa mwingine. Naogopa kuuliza, na sikuwahi kumwambia kwamba maneno yake yalitufaa. Pengine ndiyo sababu naandika.

Kama wewe umekaa kwenye benchi lile sasa hivi na karatasi hii, na blanketi lako liko mahali lisipotakiwa kuwa, basi mimi si daktari na si dada wa mtu, lakini inuka ukalibebe. Usijali kulikunja vizuri.

Na mniandikie. Hata kwa penseli, hata kama mwandiko wenu ni mbaya kuliko huu. Mpeni muuguzi wa dirishani, mseme ni ya Kijana, nitaichukua nikija. Niambieni kwenu ni nani hubeba blanketi, na alipokuwa hayupo mlifanyaje. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitazijibu zote, na mimi na Mama Neema tutazisoma pamoja.